Video Uliyoiacha Njiani

Chumba cha Kumbukumbu, Zahanati,
S.L.P. 214.
9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa.

Nakuandikia nikiwa nimechefuka. Surua imeingia mtaa wa pili, na mganga mkuu alitaka haraka orodha ya watoto waliopata chanjo ya kwanza wasirudi kwa ya pili. Madaftari yangu yote sasa yako kwenye kompyuta, kila chanjo na jedwali lake. Kazi ni kuandika amri ya kuyaunganisha. Nikasema nitajifunza kwenye video.

Wee! Niliyoyaona yanatia kinyaa. Mmoja kapiga muziki dakika tatu, kisha ananibembeleza nibonyeze kengele. Mwingine anafundisha huku anatafuna, nasikia mate yake masikioni mwangu.

Ndipo nikaipata yako. Nilivyojivuna! Niliwaita hadi wauguzi waje wasikie sauti ya mdogo wangu. Nikakufuata neno kwa neno, orodha ikatoka, tukawapigia simu kina mama arobaini. Wakaja wamefura: watoto wao wote walishachanjwa mara mbili! Kumbe amri yako inatoa waliomo kwenye majedwali yote mawili. Wanaokosekana kwenye la pili, ukasema, "tutawaona video ijayo." Nimeitafuta hiyo video mpaka macho yakauma. Haipo. Uliacha miaka miwili iliyopita, ukaenda zako. Sikufichi, umenikera kuliko yule mtafunaji.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mwenye mafua, video ya dakika nne, kamera inamwonyesha kidevu tu. Anza na jedwali la kwanza, wabakize wote, kisha chuja ubaki na wale tu ambao upande wa pili ni mtupu. Basi.

Wakatoka watoto kumi na tisa. Nikawa nawasoma kwa sauti, mganga akiandika. Wa kumi na mbili nikakwama. Ni mwanao. Bibi yake mzaa mama, uliyemwachia amlee, alidhani sindano moja inatosha, na wewe hukuwahi kuuliza.

Nilimpeleka mwenyewe siku ileile. Ana miaka minne, alilia kidogo tu. Njiani akaniuliza kama ni baba aliyenituma. Nikamjibu ndiyo.

Msalimie wifi. Mama na mjomba Kipara wanakusalimu. Mungu akulinde, akupe na haya kidogo.

Dada yako, nakupenda hata leo,
Mama Mafaili

Tena: mpigie mwanao. Anangoja umuulize kama iliuma.