Magunia Mabichi ya Mzee Dubow

Garissa, Jumatatu, baada ya alasiri

Mke wangu Mwanaisha,

Nakusalimu kwa salamu za mtu mwenye makosa, na hasira zako nazijua hata kabla sijazisikia. U hali gani? Miguu bado yavimba? Na huyo wa tumboni, bado akupiga mateke ukitaka kulala? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila mikono imebabuka kwa moto wa gesi na uso umekuwa mweusi kama chungu. Ukiniona utanicheka.

Barua yako imenifika kwa lori la askari. Umeniuliza neno moja tu: "Gari na mimi, nani mkubwa?" Ah, Mwanaisha! Wewe. Lakini kaa unisikilize, maana sikuchelewa kwa ajili ya gari. Nimechelewa kwa ajili ya mtu.

Siku hizi, kwa vita hivi vya mashifta, hakuna atokaye Garissa ila kwa msafara wa askari, na kibali mkononi. Kibali changu kiliandikwa pamoja na gari la bwana mkubwa mmoja aliyehamishiwa Mombasa. Gari la fahari hilo, rangi ya maziwa, viti vya ngozi, na paa lake ni turubai la kukunja nyuma kama mtu avuavyo buibui. Karakana iliponipa kazi ya kulitayarisha na kulipeleka, nilishukuru Mungu. Nilijua nitakuwa nyumbani kabla hujajifungua.

Mlinzi wa gari hilo alikuwa Mzee Dubow, Msomali wa hapa hapa, aliyechunga ngamia ujana wake wote. Yule mzee alilipenda gari lile, wallahi. Miezi yote lilipokuwa limelala, kila asubuhi aliloweka magunia mtoni akayatandaza juu ya turubai na viti, jua lisije likavipasua. Ndivyo watu wa huku wanavyovika mitungi magunia mabichi ili maji yapoe. Nilimwona kwa macho yangu, tena nikamsifu: "Mzee, wewe ndiye mlinzi!" Mjinga mimi.

Nami nikafanya ya kwetu. Si wajua sisi watu wa pwani na chumvi yetu ya bahari ilayo vyuma? Gari likifika tu, twalipaka lami chini, basi. Sikuinua zulia, sikugusa sakafu. Nilikuwa na haraka ya kukuona, nakwambia kweli. Nikapaka lami mpaka nikaziba vile vitundu vya chini vya kutolea maji.

Siku ya msafara, kwenye kizuizi cha askari barabarani, nilifungua mlango usifunge tena. Gari lisilo na paa la bati nguvu zake zote ziko sakafuni, na sakafu ilikuwa imeoza. Askari akatia buti ndani apekue, buti likapenya mpaka chini. Inspekta akainama, akaona matundu na lami mpya juu yake.

"Hili limeharibiwa kusudi," akasema. "Mlinzi ni nani?"

Akasikia jina la Kisomali, akamhesabu shifta, yakaisha. Mzee Dubow, aliyekuja kuliaga gari lake, akakamatwa. Mimi nikaambiwa nipande lori la nyuma, kibali kingine nitaandikiwa pale pale. Mguu mmoja nilikuwa nimeshauweka juu, Mwanaisha. Nikakuwaza wewe. Kisha nikamwona mzee anavuliwa viatu. Nikashuka, msafara ukaondoka bila mimi.

"Bwana inspekta," nikasema, "si kusudi. Ni maji."

"Maji? Garissa? Mvua ilinyesha lini hapa, fundi?"

Askari wote wakaangua kicheko. Nikalirarua zulia, nikachukua sponji iliyokuwa chini yake, nikaingia nayo ofisini kwa inspekta nikaikamua. Maji mekundu ya kutu yakachuruzika mpaka chini ya kiti chake. Inspekta akainua miguu. Nikamwambia kwamba maji yale mzee aliyatia kwa mapenzi, na mimi nikayafungia ndani kwa lami. Kama ni kufunga mtu, tufungwe wawili.

Alinitazama sana. "Litengeneze. Nitapanda mimi mwenyewe mpaka kizuizini, na milango ifunge. Siku hiyo mzee wako atatoka."

Basi nikakaza roho. Nilifunua paa, nikang'oa viti, nikakwangua lami yote niliyoipaka kwa mikono hii hii, nikazibua vitundu kimoja kimoja kwa msumari. Jua la Garissa nimelitukana miaka miwili, safari hii nililibembeleza. Gari lilipokauka kabisa nikalitegemeza magogo lisipinde kati, nikakata pabovu, nikachomelea bati la pipa kuukuu. Mlango ukakataa. Nikakata tena, nikachomelea tena. Ukakataa. Nikala tende zangu, nikaswali, nikaanza upya.

Jana inspekta alikaa mbele, nikampitisha kwenye makorongo yote mpaka kizuizini. Akashuka, akausukuma mlango kwa kidole. Ukafunga. "Haya," akasema, akaamuru mzee afunguliwe.

Mzee Dubow ametoka amekonda. Alilizunguka gari, akauliza, "Fundi, sasa mimi nafunika na nini?"

"Usifunike, mzee. Liache lipigwe jua."

Akaupapasa mlango kwa kiganja. "Mimi nataka kusaidia tu, walaal, ndugu yangu. Kwetu maji ni baraka."

Machozi yalinitoka, wala sikuyaficha.

Msafara ni Alhamisi, na safari hii nitatoka. Mpaka Thika na askari, kisha mimi na gari tu hadi Mombasa. Nikikuta umeshajifungua, jina msimpe mtoto mpaka nifike, hata mama yako akinuna! Yeye mpe salamu zangu za heshima. Msalimie kaka yako wa bandarini, mwambie anitafutie kitanda cha mtoto, na shangazi anayekukanda miguu, mwambie sitamsahau.

Mzee Dubow amenipa ngozi laini ya mbuzi ya kumlazia mtoto. Ameniusia sana: "Angalia, fundi, maji isiingie."

Nikamwambia, "Mzee, mtoto mchanga kazi yake ya kwanza ni kulowesha."

Alicheka mpaka akashika mbavu, mara ya kwanza tangu atoke ndani.

Mumeo, aliye njiani,
Fundi Athman