Mshale wa Joto Ukipanda

Mke wangu Mwanaidi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, ila amenuna kwa vile nakuita mke. Mananasi ya Kiwangwa msimu huu ni matamu, hata mbuzi wanayaiba.

Waniuliza, mshale wa joto wa gari lako ukipanda huko Dodoma ufanye nini? Zima injini, kaa kivulini, wala usiguse mfuniko wa rejeta mpaka ipoe. Hilo sikufundishwa shule. Shule niliijua zaidi njia ya kutorokea.

Siku ya kumuoa bibi yako tulikwenda Mlingotini na gari la mjomba, nami nimevaa joho. Njiani rejeta ikachemka. Huko shehe kashakaa, na binamu wa bibi yako, naye akimtaka, kavaa kanzu mpya akiomba nisitokee. Nikaurukia mfuniko. Mjomba akanidaka mkono: "We, wataka kuoa au kuungua? Uso ukibabuka, nani atakupokea?"

Tukasubiri, roho yangu ikichemka kuliko injini. Ilipopoa hatukuwa na maji, basi tukamimina marashi yote ya harusi. Tulipofika, shangazi wa bibi yako akanusa. "Mbona gari lanukia kuliko bwana harusi?"

Nikaozwa na jasho langu. Wewe weka dumu la maji kwenye buti. Maana mpaka leo bibi yako akikasirika husema bora angeolewa na binamu: yule alikuwa na baiskeli, na baiskeli haichemki.

Mumeo wa utani,
Babu Shomari