Mtungi Uko Chini ya Kuni

Mama Redempta,

Usiwashe moto jikoni! Mtungi wangu wa gesi ya viyoyozi nimeuficha chini ya kuni, ukipata joto utalipuka. Watoto wakale kwa jirani Swaumu.

Asubuhi ulipokwenda kisimani, kaka yako Damiani alikuja, lakini kama mjumbe wa nyumba kumi. Alisema mgambo wanasaka wahujumu uchumi, na fundi asiye na leseni anachukuliwa pamoja na vifaa vyake. Leseni yangu imekwisha muda. Nimekimbilia Kibaha kuomba nyingine.

Mgambo wakija, sema ~~natengeneza baiskeli~~ ukweli tu. Kudanganya hujui.

Naogopa, mke wangu. Damiani hajawahi kuikataa chai yako. Kikombe chake hicho hapo, hakukigusa.

Baba Redempta