Mushale Haikufika Hombo

Mama,

Mate ya Baraka imesema.

Najua ungecheka. Kila simu ilipolia, hata kama ni mutu wa kuuliza bei ya maharagi, uliinua kichwa ku mukeka na kuuliza: "Ni Baraka? Mate yake imesema nini?" Nilikujibu, bado Mama, mate ya mutoto wako iko ku laboratware ya ng'ambo, wanatafuta ulitoka wapi, kule hawana haraka. Ukasema, "Mate ya siku zote hizo, si itakauka?" Tukacheka wote wawili, halafu kikohozi kikakukamata. Hata siku ile kifua kilikukataza kusema, uliniangalia, ukaangalia simu. Nikatingisha kichwa: bado. Hiyo njo jibu ya mwisho nilikupa ku dunia hii. Kutingisha kichwa.

Rezilta ya mate ilifika nyuma ya kufa kwako. Nyasi ilikuwa bado haijaota ku kaburi.

Tumerudi Bihambwe, kutoka kule tulikimbilia vita. Bati mbili za jikoni hazikuwako tena, na shamba yako ya muhogo nusu imeliwa na majani, lakini ile ya upande wa mto inasimama. Mutoto mwenye uliacha mu tumbo yangu alizaliwa. Ni musichana, jina yake Feza. Ana masikio yako, yale yanasimama kama yanataka kusikiliza mambo ya watu. Nimechoka, Mama. Huyu ananyonya na mukubwa wake Espoir anavuta kikwembe, na mimi naandika na mukono moja. Usichunguze herufi.

Baraka alipiga simu ya picha, amevaa kabuti kubwa mu nyumba. Alikuwa ameshakulilia kilio cha kwake. Akasema, "Dada, sikiliza vizuri. Kuna kitu mu mwili ya mutu kinatoka kwa mama peke yake. Baba hatiake kitu pale. Mama anapatia watoto wote, lakini mwanaume anakaa nayo tu, inakufa naye. Musichana njo anapitisha."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo wewe uko nayo?"

"Niko nayo. Lakini kwangu mimi barabara imeisha."

Nikamwambia: kama muhogo. Akasema, "Eeh. Kama muhogo. Miaka yote hapa hakuna mutu alinielezea vizuri hivyo."

Wewe njo ulinifundisha ile. Muhogo hatuipande na mbegu, tunakata kijiti ku mama na kukichoma mu udongo, na kinachoota ni yule yule mama, amehama shamba tu. Ulijuaka kila muhogo wako ulitoka kwa nani, huu kwa Mama mwenye kanisa, ule kwa jirani mwenye ng'ombe. Sasa Baraka anasema mara moja moja, nyuma ya vizazi na vizazi, kunatokea kakosa kadogo, kama jani lenye kidole kimoja zaidi. Kosa lile halifutike. Mabinti wote wanalibeba. Wenye elimu wanaangalia makosa hayo, njo wanajua tawi gani ilitoka ku tawi gani, na wakati gani.

Alinionyesha karte, ramani yenye mishale ya matawi hayo. Tawi yako ni ya zamani mpaka mwenyewe alishusha sauti, kama mutu anaingia kanisani akiwa amechelewa. Ni mbele ya muhogo, maana muhogo wenyewe ni mugeni, ulivuka bahari juzi tu. Ni mbele ya maharagi, mbele ya ng'ombe, mbele ya mutu kujua kuyeyusha chuma na kupata jembe. Wanawake wale walichimba mizizi na vijiti, walikata nyama na jiwe. Baraka anasema kulikuwaka miaka mvua ilikataa, pori ikapunguka ikabaki vipande vipande, maji ya ziwa ikashuka. Halafu mvua ikarudi na pori ikarudi, na wao walikuwa bado wako, wanazaa. Nikamuangalia Feza ku titi yangu. Nikawaza: hata nyakati zile kulikuwa mama amekaa chini, mugongo inamuuma, anangoja mutoto ashibe.

"Halafu mushale inasimama," Baraka akasema.

"Inasimama wapi?"

"Mu pori. Zamani sana."

"Na Hombo, pale Mama aliokotwa?"

"Haifike Hombo, dada."

"Na jina ya mama ya Mama?"

Akageuza uso. "Mashine haijue majina."

Nilikasirika, Mama. Nilikata simu, nikasema ni réseau ya simu imekatika. Wanamujua mwanamuke mwenye alikata nyama na jiwe, lakini yule wa juzi, mwenye alivaa kikwembe kama mimi, mwenye labda alikwenda Hombo kununua chumvi, yule hawamujue! Kati ya mushale na Hombo kuna shimo, na wewe ulikaa mu shimo lile maisha yako yote.

Na wewe hukuulizaka kabila. Watu walikuuliza wewe, mu foleni ya maji, mu kanisa, hata ku kilio cha Papa: ni wa wapi huyu? Wewe uliuliza swali moja tu, na uliuliza wakati unasuka ao unachambua maharagi, bila kumuangalia mutu: "Alinitupa ao alinipoteza?" Nilipokuwa mudogo nilifikiri unaongea na maharagi.

Shangazi Yuliana alikuja na maharagi kuona mutoto. Unamujua wifi yako, mukono inaleta kikapu, mudomo inaleta fimbo. Hata hajakaa vizuri:

"Basi mate ya ng'ambo imesema nini? Muokote alikuwa wa wapi?"

Ile jina tena. Hata ku kaburi haikukuacha. Nikamujibu:

"Wa mama yake."

"Na mama yake?"

"Wa mama yake."

"Na huyo?"

"Wa mama yake, Shangazi. Wanaenda hivyo mpaka wakati hakuna jembe."

"Weee! Usinichezee mu mudomo. Kumbe ni batu ba pori tu!"

"Hata wewe uko mule. Baraka anasema mishale yote, ukirudi nyuma sana, inaingia kwa mama mumoja. Wa kwako na wa kwetu."

"Mimi? Usinichanganye na waokotwe wenu."

Mama, ulinifundisha kumuheshimu dada ya Papa, na nilimuheshimu. Nilimupa kiti ya muzuri, nilimupa maziwa. Lakini pale nilisimama na mutoto mukononi. Nikasema, "Shangazi, jina ile haitaingia tena mu nyumba hii. Siku inaingia, itatoka pamoja na maharagi yako." Alinuna. Alikunywa maziwa yote, akaaga watoto, akaenda. Maharagi aliacha. Siku hizi akipita anasema "bibi ya Feza," anatamka pole pole kama mutu anatembea mu matope.

Lakini bado sikuwa na jibu ya swali lako. Nilijua kufunga mudomo ya Shangazi, sikujua kukujibu wewe. Jibu nililipata Ngungu, siku ya soko.

Nilikwenda na maharagi kidogo, Feza mugongoni, Espoir namushika mukono. Bunduki ikalia ku kilima. Unajua vile soko inakimbia, haikimbie kama watu, inakimbia kama maji. Nilikuwa nimemushika, Mama. Nilimushika kabisa, hata leo naona alama ya kucha zake. Halafu mwanaume mwenye muzigo alipita kati yetu, na mukono yangu ilikuwa na kitu, halafu haikuwa na kitu. Niliita mpaka sauti ikakatika. Watu walinisukuma mpaka chini ku daraja, na kila nilipotaka kurudi, walikuwa wanashuka wengine.

Kulipotulia nilipanda. Nilimukuta mu kona ya soko, amekaa kati ya bido, madumu ya maziwa, mudomo nyeupe ya kukunywa. Mwanamuke mumoja wa kule juu, wa kufuga ng'ombe, alikuwa amesimama mbele yake kama ukuta. Wenzake wote walikuwa wameenda. Nikamuuliza kwa nini hakukimbia. Akasema:

"Ningekimbia naye, ungemutafuta wapi? Nilimuangalia, nikaona kifungo zote zimefungwa mpaka juu, hata ile ya shingo. Nikasema, huyu mama yake iko njiani."

Tulirudi na miguu. Espoir anaimba, mimi nalia nyuma yake ili asione. Na pale ku njia nikasikia sauti ya Koko Feza, bibi mwenye alikuokota akakulea, vile alisimuliaka siku alikukuta. Alikuwa amekwenda Hombo kununua mawese. Kulikuwa kukimbia, hata yeye hakujuaka ni nani anafukuza nani. Kulipoisha, wewe ulikuwa umesimama kando ya barabara, karibu na fiti, mapipa ya mawese, hulie, huseme. Na kila mara Koko aliongeza: "Na nywele yake! Ilikuwa imesukwa mupya, mistari bado inang'aa mafuta." Alisema vile ili kukusifu. Sisi tulisikia sifa tu, tukaangalia nywele yako, tukacheka.

Mama. Ni nani anasuka mutoto mwenye anataka kumutupa?

Unajua kazi ya kusuka mutoto wa miaka miwili, mitatu. Unamufunga kati ya magoti. Analia, anakimbia, unamurudisha, unamupa kipande cha ndizi, unaanza tena pale mustari umeharibika. Ni asubuhi yote. Mutu hatumie asubuhi yote kupendeza kitu anakwenda kuacha ku barabara. Yule mwanamuke alikusuka kwa sababu mulikuwa munakwenda mahali pamoja, na alitaka watu waseme: angalia mutoto ya fulani. Halafu mukono yake ilikuwa na kitu, na halafu haikuwa na kitu.

Alikupoteza, Mama. Hukutupwa. Mashine haikusema hivyo, nimesema mimi, mutoto wako, na nimelipa bei ya kujua.

Na kitu kingine. Ku karte ya Baraka Koko Feza hayuko. Hakukuzaa, mushale haimujue. Lakini kama si yeye, mushale ile yote, kutoka wakati ya mawe, ingekufa Hombo kati ya fiti za mawese. Alikaa pale siku kadhaa anauliza kila mutu mwenye anashuka ku lori. Halafu alipita nawe Walikale yote, kila kijiji anakusimamisha mbele ya watu: ni wa nani huyu? Nilimuambia Baraka: ku mishale yako mingi hivi, unafikiri mara ngapi kulikuwa Koko Feza? Mara ngapi mama alipotea, akafa, na mwanamuke mwingine akainama akaokota? Akasema hawawezi kuona. Nikasema, basi waandike kwamba hawaone. Njo maana mutoto anaitwa Feza. Jina ya mwenye hayuko ku karte.

Sasa naacha, titi nyingine inangojewa.

Nakuahidi mambo mawili, na unanijua, sisemake mara mbili. Siku Feza atakuwa na akili, nitamukalisha na kumuambia yote: wale wa jiwe na mizizi, shimo lenye hakuna mutu anajua, na Koko. Sitamufichia shimo. Na hakuna mutu atamuambia bibi yake alitupwa, hata kama ni mukubwa, hata kama ni mu kilio, hata kama ni kwa kucheka.

Lala, Mama. Usikohoe tena. Na kule uliko, kama kweli watu wanaonana, utamukuta mama mwenye alikuzaa. Sijui utamujua na nini, labda na masikio. Najua umebeba swali lako miaka yote. Usimuulize kwanza. Yeye naye alikufa na swali, na la kwake ni kubwa kuliko la kwako. Mama mwenye alipoteza mutoto hawazake kabila, hawazake mishale. Anawaza kitu kimoja, kila jioni, mpaka anazikwa: leo amekula?

Umukaribie pole pole. Umuambie: nilikula.

Mutoto wako,
Riziki