Tusije Tukapishana

Kaunti ya Graham, Kansas
9 Machi 1879

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limekuachia angalau upande ngazi za kanisa bila kumtukana mtu. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Tempie anakusalimu sana, na tumbo lake linakusalimu pia, maana limeanza kupiga mateke.

Mama, njoo. Nimeshindwa kuanza na habari nyingine. Nyumba yetu tumeichimba ardhini kama sungura, na upepo wa huku hauna adabu. Miti hakuna, tunapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Lakini nikisimama mlangoni asubuhi hakuna wa kuniuliza nakwenda wapi. Siku nyingine natembea tu, hivi hivi, mpaka Tempie ananiita mwehu. Huu ndio uhuru. Huo wenu wa Mississippi, wa kulima pamba ya Bwana Tolliver na kulala katika kibanda kile kile ulicholala ukiwa mtumwa wake, mimi siujui ni kitu gani.

Njoo kabla mtoto hajazaliwa. Meli za kupanda kaskazini zinapita hapo kila siku.

Mwanao,
Hosea


Gati la Tolliver, Mississippi
30 Machi 1879

Hosea mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti linauma, na watu bado nawatukana. Mwambie Tempie ale vizuri na aache kubeba ndoo za maji. Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpelekea Shemasi Pruitt anisomee, kwa hiyo usidhani hizo "njoo, njoo" zako zimenipita.

Unaniambia uhuru ni kutembea. Mwanangu, mimi nilitembezwa. Nilitembezwa kwa miguu kutoka Virginia mpaka hapa, nimefungwa mnyororo mmoja na wanawake wenzangu. Kila nilipohama maishani mwangu kuna mtu mwingine aliyeamua. Sasa hakuna wa kuniamulia, nami nimeamua kukaa. Huo nao si uhuru, au ni wa kwako tu ndio halali?

Na sababu unaijua. Ni kwenye gati hili walipompandisha dada yako Vinie melini, hajang'oka hata meno ya utoto, wakaenda kumuuza. Akirudi atashuka hapa. Kansas haijui. Kila Jumamosi nakwenda kutazama wanaoshuka. Nikiondoka leo, yeye akashuka kesho, nani atamwambia nilikokwenda? Tukipishana njiani nitakufa mara mbili.

Mama yako,
Keziah


Kansas
20 Aprili 1879

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, mahindi yameota. Tempie amenikataza kuandika ninayotaka kuandika, amenuna huko nje, lakini nayaandika.

Tangu vita vya kukomesha utumwa viishe tumemtangaza Vinie katika gazeti la kanisa. Wachungaji wamelisoma jina lake mbele ya waumini kuanzia Memphis mpaka baharini. Hakuna aliyejibu. Unamngoja mtu ambaye huenda… sentensi hiyo siimalizi.

Lakini mimi nipo, Mama. Mimi pia ni mtoto wako, niko hai, na mjukuu wako yuko njiani. Au mpaka niuzwe na mimi ndipo utoke kwenda kusimama mahali kwa ajili yangu?

Mwanao,
Hosea


Gati la Tolliver
18 Mei 1879

Hosea,

Mimi mzima, natumaini nanyi pia. Salamu ndefu leo sina. Neno lako la kuuzwa nililisoma, nikalikunja, nikaenda kupalilia pamba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Tusilirudie.

Nusu ya kanisa letu imehamia ukingo wa mto. Wanataka Kansas, kama wewe. Dada Ophelia Gaines ameuza ng'ombe wake na anaishi pale juu ya sufuria zake. Wanapunga shuka nyeupe kama tunavyosimamisha meli siku zote, na meli za kaskazini hazisimami. Zamani zilisimama hata kwa mzungu mmoja na mbwa wake. Watu wanasema wenye mashamba wamezungumza na manahodha wasitupakie, wasije wakakosa wa kuwalimia. Juzi Ophelia akapaza sauti, "Wewe nahodha! Hujaona shuka, au hujaona watu?" Tulicheka mpaka wengine wakaishia kulia. Za kushuka kusini ndizo zinasimama. Kwenda kusini wanakuchukua hata hujapunga kitu.

Bwana Tolliver alipita na farasi wake, akaniambia, "Keziah, hapa mwenye akili ni wewe peke yako. Umetulia." Sifa ile sikuitaka. Kwa sababu sijatulia, mwanangu. Kanisani nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kutoka. Gatini siku hizi nakwenda kila siku. Sijui nina nini.

Mama yako,
Keziah


Kansas
8 Juni 1879

Mama yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Neno lile lilitoka kwa wivu. Tempie amejifungua salama, mtoto wa kike, ana sauti yako. Jina hatujampa. Tunataka umpe wewe.

Kuna jambo limetokea, dogo tu, lakini tangu hapo sikai nikakalika. Jana Tempie alimlaza mtoto kwenye blanketi akaenda kuteka maji, akamwambia, "Usisogee, mama anakuja." Tukacheka, maana kichanga kama kile kitasogea kwenda wapi? Halafu nikaacha kucheka.

Mama, siku ile ya Vinie nilikuwepo. Nilikuwa nimejificha nyuma ya marobota ya pamba. Ulimshika uso kwa mikono miwili ukamwambia, "Popote watakapokushusha, kaa hapo hapo. Usisogee. Mama anakuja." Nilisikia kwa masikio yangu.

Na Vinie alikuwa mtoto wa kusikia. Mimi ukiniambia nisiguse maziwa nilikuwa nayanywa. Yeye ukimwambia asilie, halii, hata nimpige konzi namna gani. Wewe umekaa gatini unamngoja. Kama yuko hai, na yeye amekaa mahali anakungoja wewe.

Mnunuzi wake alikuwa mtu wa miwa, wa Bayou Lafourche, huko kusini Louisiana. Hilo tunalijua sote. Sikuambii tena uje Kansas. Nimekwambia tu nilichosikia.

Mwanao,
Hosea


Kansas
3 Agosti 1879

Mama,

Shikamoo popote ulipo. Hatujambo, ila mimi si sana. Hujanijibu. Nimemwandikia Shemasi Pruitt, naye anasema kwenye kibanda chako Bwana Tolliver ameshamweka mtu mwingine, na kwamba wewe ulionekana mara ya mwisho ukipanda meli ya kusini, na kikapu, hujaaga mtu zaidi ya Ophelia.

Barua hii naituma kwake, labda atajua pa kuipeleka. Mama, umri wako, goti lako, na nchi ile humjui mtu! Mimi ndiye niliyekutia katika hili. Natembea mpaka kwenye mpaka wa shamba na kurudi, Tempie anasema nimechimba njia. Nikishavuna mahindi nakuja kukutafuta, gati kwa gati.

Mwanao,
Hosea


Bayou Lafourche, Louisiana
14 Septemba 1879

Hosea mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Lisome tena neno hilo, mwanangu. Hatujambo, sisi wawili.

Nilishuka kila gati nikiuliza, "Mnamjua Vinie, aliyeletwa mtoto kutoka Mississippi?" Hakuna aliyemjua. Watu wa miwa walinicheka ninavyoongea. Nguo zilichakaa, nikaosha vyombo vya watu ili nile. Mwisho nikamkuta mama mmoja anakaanga samaki kando ya maji, akaniambia, "Vinie hatuna, bibi. Tunaye Rose, labda. Wenzake wote wamekwenda kungoja meli za Kansas, yeye kagoma. Kidogo kichwani hayuko sawa, maskini. Eti mama yake alimwambia asisogee."

Kikapu kilinidondoka. Nikamuuliza hilo jina la Rose alipewa na nani. "Na bwana wake, siku ile ile aliyoshushwa. Siku hizo nani aliuliza mtoto anaitwaje?"

Nilimkuta anafua nje ya kibanda kinachotazama gati. Mwanamke mzima, mvi zimeanza, na kidevu ni cha baba yenu. Alinitazama sana. Akaikamua nguo aliyoishika, akaitundika, akaipangusa mikono yake kwenye aproni, ndipo akasema, "Mama, umechelewa."

Nilikaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni nikalia. Yeye hakulia. Alikuja akakaa kando yangu, akaniuliza kwa adabu, kama mtoto aliyeadhibiwa, "Sasa naruhusiwa kusogea?"

Hosea, askari wa Kaskazini walipita hapa wakamsomea kwamba yuko huru, na bado neno langu lilimshikilia. Naumia kuandika hivyo. Nilimwambia, "Twende."

Sasa hashikiki. Kila kona ya mto anataka kujua kuna nini nyuma yake. Meli za kaskazini hazisimami huku pia, tumepunga shuka mpaka mabega yamekufa ganzi, na kungoja tumengoja vya kutosha. Kesho tunaanza kwa miguu kando ya mto, mpaka tumpate nahodha anayeona watu. Goti limeshaambiwa. Kuhusu jina la mtoto bado tunabishana, Vinie anasema lolote lile ila Rose.

Barua yako Shemasi ameituma mpaka huku, maana Ophelia alijua nilikokwenda. Unasema ukishavuna unakuja kunitafuta. Thubutu! Nakujua wewe na miguu yako. Tukipishana njiani haya yote yataanza upya. Mwambie Tempie akushike suruali, nawe nisikilize, japo mara moja tu katika maisha yako.

Kaa hapo hapo. Usisogee. Mama anakuja.

Mama yenu,
Keziah