Mtu wa Hesabu Aliyekula kwa Mkewe Tu

Jumamosi, mwezi wa nane. Hapa Emali kuna baridi, mawingu yametanda tangu asubuhi na jua halijaonekana. Shule zimefungwa, kwa hivyo nimetoka Zombe ninakofundisha hisabati nikaja nyumbani kumtunza Baba. Mama amelazwa hospitalini, amevunjika nyonga.

Naandika kwa sababu naogopa.

Baba naye alifundisha hisabati mpaka akastaafu. Tulipokuwa wadogo, watoto wa jirani walisimuliwa hadithi za fisi. Sisi tulisimuliwa vifo vya watu wa hesabu. Yule mzee Mgiriki aliyeuawa na askari kwa kuwa hakutaka kuacha michoro yake mchangani. Yule aliyeona usingizi wake unaongezeka kidogo kila siku, akapiga hesabu, akajua siku atakayolala asiamke. Na yule ambaye Baba alimcheka hadi machozi: bingwa wa mantiki aliyeogopa kutiliwa sumu, akawa hali chochote ila alichopika mkewe. Mke akalazwa. Bwana akakaa na njaa mpaka akafa.

Hata mimi huwasimulia wanafunzi wangu. Wakicheka, nacheka nao.

Tangu Mama alazwe, Baba hajagusa nilichopika. Anakunywa maji anayochota mwenyewe, basi. Akina mama wa kanisa walileta chapati na kuku. Aliwashukuru vizuri, akawaombea baraka, na walipoondoka akampa mbwa. Kisha akavuta kiti akakaa kumtazama. Mbwa wetu amenenepa. Baba anatembea akishikilia suruali kwa mkono.

Kwetu anayepakua huonja kwanza, anayekula aone hakuna ubaya. Kwa hivyo nimekuwa nikionja mbele yake kila mara, moja kwa moja kutoka kwa sufuria. Nilidhani inatosha. Anatikisa kichwa kwa upole. Mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake, na tangu nizaliwe ananiita Mwaitu, yaani mama yangu. Ananiita hivyo hata anaporudisha sahani.

Jana nilimwambia waziwazi kwamba anafanya kama yule mtu wa hadithi yake. Nilitarajia acheke.

"Yule mtu alikuwa anajua," akasema. "Hawa wengine ndio hawakuelewa."



Leo asubuhi nimempigia Mama simu nikamweleza jinsi ninavyoonja. Amesema:

"Kwa sufuria haisaidii. Onja kwa sahani yake, na kijiko yake. Alafu ukae hapo ungoje."

"Ningoje nini?"

"Wewe ngoja tu. Kwani hukuwa unaona? Na usiambie watu wa kanisa."

Nilikuwa naona. Miaka yote Mama alikula vijiko vya kwanza kutoka kwa sahani ya Baba, nasi tukidhani ni mahaba. Tulikuwa tukiwatania.

Mchana nimempelekea isyo, mahindi na maharagwe yaliyoiva hadi yakalainika, anavyopenda. Nimechukua kijiko chake, nikala upande huu wa sahani na upande ule, nikakaa. Baba aliegemea kiti, akanitazama midomo, kisha macho, kisha mikono. Hakuwa na hasira. Alitulia kama mtu anayesahihisha mtihani. Isyo ikapoa. Sikuthubutu hata kukohoa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Baba yangu alikuwa akingoja kuona kama nitakufa.

Alipotosheka akavuta sahani. "Asante, Mwaitu," akasema, akala yote, akaomba nyingine.

Nilitoka nje nikalia. Nilifurahi kwamba hatakufa njaa, na moyo uliniuma vibaya kwamba hivi ndivyo Mama ameishi. Kesho nitapika tena, nitaonja tena, nitangoja tena mpaka atoke hospitalini. Hilo nimeshaamua.

Lakini kuna jambo sijamwambia Mama. Nikiwa nimekaa pale nikitazamwa, nilianza kuusikiliza ulimi wangu, kisha tumbo. Maji niliyachota mwenyewe, maharagwe niliyachagua mwenyewe, na hakuna mwingine aliyeingia jikoni. Najua hakuna kitu.

Jioni hii nimejipakulia. Chakula kimepoa mbele yangu, na ninatamani kuwe na mtu wa kunionjea.