Namba Yako Bado Inasoma, Ouma

Ndugu yangu Ouma,

Jana nilikuandikia kwamba ng'ombe wa mama amezaa, na ujumbe ukasomwa. Tiki mbili zikageuka bluu mbele ya macho yangu, kama kila mara tangu upotee. Mama huichukua simu yangu kila asubuhi, huisalimu kwa jina lako, kisha huiweka mezani polepole. Ninaiogopa simu yangu mwenyewe.

Unakumbuka ile jioni uliporudi kutoka redioni Homa Bay umenuna, hata samaki ukamkataa? Mkurugenzi wenu alikuwa amedai kila mwandishi amwambie ni nani anayempa habari. Wewe ulikuwa ukifuatilia mbolea ya ruzuku inayovushwa kimagendo mpakani pale Isebania, na mama mmoja wa huko alikuwa amekuamini akakueleza yote. "Huyo mzee akijua jina, litafika kwa wenye malori kabla ya taarifa ya saa saba," ulisema. Ndipo ukaniwekea ile programu ya jumbe zinazofungwa kwa siri. Mimi nikikaanga omena, wewe ukinisomea msururu wa tarakimu za msimbo wa usalama ili tuhakikishe unalingana na wangu, tukicheka kama watoto wa chekechea. Uliniambia humo ndani hasikii mtu ila sisi wawili.

Kisha ukaacha kucheka. "Ukiona imeandikwa msimbo umebadilika, nyamera, dada yangu, ujue nimenunua simu ingine. Ama kuna mtu ameweka laini yangu kwa simu yake." Nilikutania kwamba unajifanya jasusi.

Ulienda Isebania, hukurudi. Wiki iliyofuata maneno yaleyale yakajitokeza katikati ya mazungumzo yetu: msimbo umebadilika. Nilifurahi, Ouma! Nilimkimbilia mama nikamwambia umenunua simu mpya. Tukakusalimu, salamu zikasomwa. Chini ya jina lako pakatokea "anaandika", pakakaa, pakapotea. Tulingoja mpaka ugali ukapoa.

Mkurugenzi akatangaza, kwa ile sauti yake tamu, kwamba uko likizo na tusisikilize uvumi. Sokoni Magunga watu walicheka. "Hao wakubwa wa redio?" akasema muuza omena. "Wakisema itanyesha, mimi naanika." Lakini kwenye kituo cha polisi walimwamini. Walituambia mtu anayesoma jumbe hajapotea, twende nyumbani.

Baba mdogo Okoth akachoka kungoja. Akaleta tunda la yago, refu kama mkono wa mtu, lile tunalozika badala ya mtu wetu ambaye mwili wake haukuonekana. Alilifunga kwenye shati lako la kazi. "Mtoto wetu hawezi lala nje hivi," akasema. "Tukizika yago, roho yake itarudi nyumbani." Vijana wakachimba. Mama akasimama ukingoni mwa shimo.

"Mnazika aje mtu na bado anasoma?"

Wakaniambia nikuulize mwenyewe. Nikaandika kwa Kiluo, kama tulivyoandikiana siku zote, kwamba Jumamosi tunakuzika. Ikasomwa papo hapo. "Anaandika" ikatokea, na safari hii haikupotea. Kisha likaja jibu la kwanza tangu uondoke, neno moja, kwa Kiswahili: "Zikeni."

Baba mdogo akavua kofia. "Amekubali mwenyewe," akasema.

Mama akamjibu. "Kama ni Ouma, yuko hai, na mtu hai hazikwi. Kama si Ouma, mimi siwezi chukua ruhusa kwa mtu aliyemchukua." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Basi hatukuzika. Tunda lilianza kunuka ghalani, nikalitupa, nikalifua shati lako na kulikunja. Nakukosa mpaka mwili unauma. Kuna siku natamani ungekuwa umekufa mahali ninapopajua, niende nikalie huko nimalize. Yule mama wa Isebania yuko salama. Jina lake ninalo mimi, na halitaingia kwenye simu yoyote.

Kama uko hai, ndugu yangu, usiniandikie tena kwa namba hiyo. Njoo kwa miguu yako, hata ukifika bila viatu. Mbwa bado anakujua. Nenda salama mpaka tuonane, hapa au huko.

Na barua hii nimeiandika kwa Kiswahili, niiweke mahali inaposomwa na kila mtu, kwa sababu ya huyo anayesoma badala yako. Sitaki ahitaji mkalimani. Nataka ajue kwamba hatujazika, kwa hiyo bado tunatafuta. Shimo liko wazi mbele ya nyumba, na mama amekataa lifukiwe. Anasema lina mwenyewe.

Dada yako,
Nyamin Ouma